Ubao wa Mia: Kuwafundisha Watoto Wetu Hesabu Nyumbani



Wapendwa waamini, kila mara matokeo ya mtihani wa Kidato cha Nne yanapotangazwa, macho ya wengi wetu huutafuta mstari wa Hisabati, na karibu kila mara mstari huo hutuhuzunisha. Kwa miaka mingi somo hilo limebaki mkiani. Tumezoea kuulaumu upungufu wa walimu, uchache wa vitabu na wingi wa wanafunzi darasani, na lawama hizo zina ukweli wake. Lakini sisi tunaokutana na watoto katika mafundisho ya Komunyo ya Kwanza, na wazazi wao katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, tunaona kwamba jambo hili huanza mapema kuliko sekondari. Huanza siku ile mtoto wa miaka sita au saba anapohesabu kwa sauti mbele ya wenzake, akafika “ishirini na tisa”, akavuta pumzi, kisha akasema “ishirini na kumi”. Wenzake wanacheka. Mtu mzima aliye karibu anamwambia kwamba kichwa chake ni kizito. Watu wazima husahau jambo hilo kabla ya jioni, mtoto halisahau. Tangu hapo namba kwake ni kitu cha kumwaibisha, na mtoto anayeogopa kuaibika hujifunza kunyamaza.

Tukitazama vizuri, mtoto huyo hakukosea hesabu. Ishirini na kumi ni thelathini, bila kupungua wala kuzidi. Alichokosa ni jina tu. Akili yake ilifuata mpangilio aliousikia tangu kumi na moja, nayo ilifuata sawasawa. Makala hii inahusu kifaa kimoja cha bei ndogo ambacho humwonyesha mtoto mpangilio huo kwa macho na kwa mikono, nacho ni ubao wa mia. Mzazi yeyote anaweza kuutengeneza kwa boksi tupu, na anaweza kuutumia hata kama yeye mwenyewe aliishia darasa la nne.

Huenda msomaji akajiuliza padre ana nini na kujumlisha na kutoa. Tunajibu kwa mafundisho ya Kanisa lenyewe. Katika Tamko juu ya Malezi ya Kikristo, Gravissimum educationis, lililotolewa tarehe 28 Oktoba 1965, Mababa wa Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano walifundisha kwamba wazazi, kwa kuwa ndio waliowapa watoto uhai, ndio walezi wao wa kwanza, na kwamba pengo lao halizibiki kirahisi. Mtakatifu Yohane Paulo II alilirudia fundisho hilo kwa nguvu mwaka 1981 katika Wosia wa Kitume Familiaris consortio. Nayo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1136, inapotaja wajibu wa wazazi katika malezi ya watoto wao haiishii kwenye imani na maadili: inataja pia malezi ya mwili, ya kijamii na ya kiutamaduni. Kwa hiyo mzazi Mkristo hawezi kugawa kazi akisema kwamba sala ni za nyumbani na hesabu ni za mwalimu. Tuisheni ya jioni, ambayo wengi wetu huilipia kwa jasho, haiondoi wajibu huo.

Tena hesabu ni suala la haki. Mkulima wa pamba, wa korosho au wa kahawa anaposimama mbele ya mizani huku hajui kuzidisha kilo kwa bei, yuko mikononi mwa huruma ya mtu mwingine. Mama asiyeweza kusoma daftari lake la kikundi cha kuweka na kukopa hulipa deni asilolielewa. Kitabu cha Mithali kinaichukia mizani ya udanganyifu, nasi tunaihubiri habari hiyo mara nyingi. Lakini mahubiri hayatoshi kumlinda mtu asiyejua kukagua chenji yake.

Ubao huu ni nini

Ubao wa mia ni mraba mmoja mkubwa uliogawanywa katika vyumba vidogo mia moja, safu kumi za kulala na safu kumi za kusimama. Safu ya kwanza ina namba 1 hadi 10, ya pili 11 hadi 20, na kuendelea hivyo hadi ya mwisho, ambayo ni 91 hadi 100. Shule nyingi zina chati ya namang hii iliyochapishwa na kubandikwa ukutani. Chati hiyo ni njema, lakini tunaposema ubao wa mia tuna maana ya kitu tofauti kidogo: vyumba viko vitupu, na namba zimeandikwa kwenye vipande mia vilivyo huru, ambavyo mtoto huvishika na kuviweka mahali pake kimoja kimoja.

Ubao wa namna hiyo ni miongoni mwa vifaa vinavyotumika katika shule za Montessori. Dr. Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia, alifungua Nyumba ya Watoto ya kwanza tarehe 6 Januari 1907, Sherehe ya Tokeo la Bwana, katika mtaa wa San Lorenzo mjini Roma, kwa ajili ya watoto wa familia maskini za wafanyakazi. Aliamini kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa mikono kabla ya kujifunza kwa maneno, na kwamba kifaa kilichopangwa vizuri humwonyesha mtoto kosa lake pasipo mtu mzima kumkaripia. Kipande kikiwekwa mahali pasipo pake, mwishoni kitabaki chumba kitupu na kipande kisicho na nafasi. Mtoto anaona mwenyewe na kurudi nyuma. Hapa Tanzania masista wa mashirika mbalimbali wanaendesha shule za awali na vyuo vya ualimu vinavyofuata njia hiyo, na wazazi waliobahatika kuingia katika madarasa hayo wameona jinsi watoto wa miaka mitano wanavyofanya kazi kwa utulivu.

Vifaa vya dukani vya aina hii ni ghali, na hatuoni sababu ya kuvinunua. Kata upande mmoja mpana wa boksi gumu, sentimita 40 kwa 40, uchore mistari kila baada ya sentimita 4. Kwa vipande, mkusanyieni mtoto vizibo vya soda. Kizibo kimoja kina upana wa sentimita tatu na kidogo, hivyo kinaingia chumbani bila kubanana na jirani yake. Muuza soda wa mtaani hukutupia mia moja kwa siku chache, naye atafurahi kuondolewa takataka. Vioshwe, vigongwe makali yaliyojikunja, kisha ndani ya kila kimoja ibandikwe karatasi ya duara yenye namba. Piga mstari mfupi chini ya kila namba. Bila mstari huo kizibo cha duara kikigeuka, 6 huwa 9, na 61 huwa 19, na mtoto atababaika kwa kosa ambalo ni letu. Wenye mkasi na subira wanaweza kukata vipande vya boksi badala ya vizibo.

Ongezeni kopo la maharage au punje za mahindi, na vijiti vilivyofungwa kumikumi kwa uzi. Vitu hivi visiachwe karibu na mtoto wa chini ya miaka mitatu, kwa sababu mkono wake hauna safari nyingine isipokuwa kwenda mdomoni.

Majina ya namba katika Kiswahili

Kabla ya kumkalisha mtoto mbele ya ubao, mzazi afahamu ugumu ulioko katika lugha yenyewe, maana wengi huuchukua ugumu wa lugha wakauita ugumu wa kichwa.

Kiswahili kimempa mtoto zawadi kubwa kati ya 11 na 19. Kumi na moja ni kumi, na moja juu yake. Kumi na tano ni kumi, na tano juu yake. Jina linasema jambo lenyewe. Mtoto anayehesabu kwa Kiingereza hana zawadi hiyo: majina yake ya kumi na moja na kumi na mbili hayamwambii kitu, na jina lake la kumi na tatu linafanana mno masikioni na la thelathini. Wenye watoto katika shule za mchepuo wa Kiingereza wanalijua tatizo hilo vizuri.

Lakini mtoto wa Kiswahili akifika 20, njia inakatika. Ishirini, thelathini, arobaini na hamsini ni majina yaliyotoka katika Kiarabu, nayo hayafanani na mbili, tatu, nne na tano. Hakuna sikio la mtoto linaloweza kukisia kwamba ndani ya thelathini kuna tatu. Mbele kidogo mambo yanakuwa mepesi, kwa kuwa sita, saba na tisa nayo yametoka Kiarabu, hivyo sitini, sabini na tisini yanatambulikana kwa wazazi wao. Themanini peke yake inabaki yatima, kwa kuwa nane ni ya Kibantu. Ndiyo maana mtoto hukwama zaidi katikati ya 20 na 60, na baada ya hapo hukimbia. Tumewasikia wazazi wakishangaa kwamba mtoto anajua sabini na hajui arobaini. Hakuna cha kushangaza.

Dawa iko karibu. Lugha nyingi za Kibantu zinazotuzunguka hazikupotea njia hapo: Kiganda husema amakumi abiri, Kinyarwanda makumyabiri, yaani makumi mawili. Bibi anayehesabu kwa lugha ya kwao aketi na mjukuu na kumsikilizisha. Vitabu vya darasa la kwanza navyo vinatumia maneno mamoja na makumi. Basi kwa wiki za mwanzo kila namba ya mwisho wa safu ipewe majina mawili: makumi mawili, ndiyo ishirini, makumi matatu, ndiyo thelathini, makumi manne, ndiyo arobaini. Mtoto akisema “ishirini na kumi”, mzazi ajibu, “Ndiyo, makumi matatu, tunaiita thelathini,” na kazi iendelee.

Familia ya Kikatoliki ina msaada mwingine uliokwisha kuandaliwa. Mtoto aliyekua akisali Rozari na wazazi wake anajua makumi kwa vidole vyake kabla hajajua kuandika. Makumi matano ya Salamu Maria ni hamsini, nusu kamili ya ubao. Na tukiongeza zile tatu za mwanzo tunapata 53, ambayo iko safu ya sita, nafasi ya tatu. Hatusemi sala igeuzwe kuwa somo. Rozari isaliwe kama Rozari, na kesho yake, wakati wa ubao, mtoto aulizwe alipita makumi mangapi.

Namna ya kuanza

Mzazi mwenye haraka huvimwaga vizibo vyote mia siku ya kwanza. Mtoto hutazama mlima, huchoka, na ubao huishia juu ya kabati. Wiki ya kwanza itoshe safu moja. Mtoto apange 1 hadi 10, na kando ya kila kizibo aweke maharage ya idadi hiyo, ili ajue kwamba 7 si mchoro bali ni maharage saba. Akiweza bila kusaidiwa, aongezewe safu ya pili. Mwenye miaka mitano anaweza kutumia mwezi mzima katika safu tatu, na hilo halina ubaya wowote. Dakika kumi na tano kwa siku zinatosha, na ziishe wakati mtoto bado anataka kuendelea.

Ubao ukishajaa, mtoto huanza kuona mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Huona kwamba safu ya kusimama ya tatu ina 3, 13, 23, 33, na zote zinaishia na 3. Huona kwamba safu nzima ya nne, isipokuwa kizibo cha mwisho, inaanza na 3. Mwacheni aone. Mzazi mwenye busara hapa huuliza swali moja, “Umeona nini?” na kunyamaza. Kunyamaza huku ndiko sehemu ngumu kuliko zote, hasa kwetu tuliozoea kuhubiri.

Upo mchezo ambao watoto huupenda, nao umetoka katika mfano wa kondoo mia wa Injili ya Luka, sura ya 15. Mtoto afumbe macho, mzazi aondoe kizibo kimoja na kukificha. Mtoto afumbue macho aseme ni yupi aliyepotea. Mwanzoni atahesabu tangu moja. Baada ya siku kadhaa ataitazama safu iliyo juu na iliyo chini, na jirani wa kushoto na wa kulia, naye atasema mara moja: 47, kwa sababu juu yupo 37 na chini yupo 57. Siku atakayoacha kuhesabu tangu moja ni siku kubwa, maana ameanza kuiona namba kama kitu chenye mahali pake miongoni mwa nyingine. Kisha vipotee viwili, vitatu, safu nzima.

Kujumlisha na kutoa

Sheria mbili zinatosha. Kwenda kulia chumba kimoja ni kuongeza moja. Kushuka chini safu moja ni kuongeza kumi. Kurudi kushoto na kupanda juu ni kupunguza. Mtoto aliyekwama kwenye 36 + 23 aweke punje ya mahindi juu ya 36, ashuke safu mbili kwa ajili ya makumi mawili, afike 56, kisha aende kulia hatua tatu. Amefika 59, na hakuhesabu vidole ishirini na vitatu.

Panapohitaji uangalifu ni mwisho wa safu. Katika 38 + 5 mtoto huenda hatua mbili akafika 40, ukuta. Hapo watoto wengi husimama, au huruka vibaya. Mzazi aulize: “Tumetumia ngapi kati ya tano? Zimebaki ngapi?” Mbili zimetumika, tatu zimebaki, anaanza safu inayofuata na kufika 43. Hivyo hivyo katika 52 − 7: anarudi mbili hadi 50, kisha tano zilizobaki zinamfikisha 45. Kile ambacho shuleni huitwa kubeba na kuazima, maneno yaliyowatoa wengi wetu machozi, ubaoni ni kufika tu ukingoni mwa kumi na kuvuka. Na mtoto mjanja, akiombwa aongeze 9 juu ya 47, siku moja atashuka safu moja na kurudi hatua moja, 57 kisha 56, naye atawatazama kwa kiburi kitakatifu.

Kwa mtoto wa miaka minane au tisa, tunashauri kila chumba kihesabiwe kuwa sarafu ya shilingi 100. Ubao mzima basi ni noti ya shilingi 10,000, na kila safu ni shilingi 1,000. Ametumwa dukani na elfu kumi, vitu vyote vimefika shilingi 6,500; chenji ni ngapi? Aweke punje juu ya 65. Kufika mwisho wa safu ni hatua tano, yaani shilingi 500. Zimebaki safu tatu hadi chini, yaani shilingi 3,000. Chenji ni shilingi 3,500. Hivi ndivyo mama wa gengeni anavyohesabu kichwani, kwa kupanda kutoka bei hadi noti, wala hatoi kwa kuazima. Watoto wanaomsaidia mama yao kuuza vitumbua wana darasa zuri sana la hesabu mikononi mwao, na inatusikitisha kwamba mara nyingi hawaambiwi kuwa wanachofanya ndicho kile kile kilichoko ubaoni shuleni.

Baadaye: vigawe na namba tasa

Ubao hauishi kazi mtoto akiingia darasa la tatu. Mwambieni afunike kwa maharage kila namba ya tano: safu mbili zilizosimama wima zitajitokeza. Afunike za kumi: safu ya mwisho. Wale wanaoujua mfano wa mpanzi watatambua kwamba thelathini, sitini na mia ya Injili ya Mathayo zote zimekaa katika safu hiyo moja. Afunike za tisa: 9, 18, 27, zitashuka kwa mshazari kuelekea kushoto hadi 81, na 90 itaruka hadi mwisho wa safu ile ile. Jedwali la tisa, ambalo watoto hulikariri kwa fimbo, lina umbo. Za kumi na moja nazo hushuka mshazari kuelekea kulia. Mtoto aliyeliona umbo hilo akisahau 7 mara 9 ana mahali pa kurudi kutazama.

Kwa wa darasa la tano na kuendelea kuna kazi iliyofanywa kwanza hapa hapa Afrika. Eratosthenes, mzaliwa wa Kirene aliyeishi Aleksandria katika karne ya tatu kabla ya Kristo, anakumbukwa kwa namna yake ya kuchekecha namba. Ondoa 1. Acha 2, ondoa vigawe vyake vyote vingine. Acha 3, ondoa vigawe vyake, kisha 5, kisha 7. Hapo kazi imekwisha, wala hakuna haja ya kuendelea na 11 kwa ubao wa mia. Vizibo vitakavyobaki ni 25, navyo ndivyo namba tasa, zile zisizogawanyika isipokuwa kwa moja na kwa zenyewe. Mzazi asiyejua jambo hili asiogope kulifanya pamoja na mtoto. Tumeona baba na binti wakibishana kwa furaha kuhusu 91, ambayo kwa sura inaonekana tasa, na kumbe ni 7 mara 13.

Tahadhari chache

Ubao unaweza kugeuka mazoea matupu. Mtoto akajua kushuka na kwenda kulia kama anayecheza mchezo, asijue ameongeza nini. Kwa hiyo mara kwa mara mwambieni aache ubao akuonyeshe 36 kwa vijiti: vifungu vitatu na vijiti sita. Akishindwa, rudini nyuma kwa utulivu.

Neno “kushuka” nalo huwachanganya baadhi ya watoto, kwa kuwa namba zinapanda huku kidole kinashuka. Wapo walimu wanaoanza na 1 chini kabisa, ili namba zipande kweli kama mtu anayepanda ngazi. Hoja yao ni nzuri. Hata hivyo tunashauri mfuate mpango wa chati ya shule ya mtoto, ili asipewe ramani mbili kabla hajaizoea moja.

Msiwashindanishe ndugu. Mdogo akimpita mkubwa, na hutokea, mkubwa apewe kazi ya vigawe katika saa nyingine, wala jambo hilo lisisemwe mezani mbele ya wageni. Fimbo isikaribie ubao kabisa. Mtoto anayeinamia vizibo mpaka pua inakaribia kugusa huenda haoni vizuri. Apelekwe kupimwa macho kabla hajaitwa mzembe. Na kama mtoto amefika miaka tisa, amepewa miezi kadhaa ya kazi hii ya upole, na bado hatambui ipi kubwa kati ya 14 na 41, zungumzeni na mwalimu wake mapema, kwa sababu anaweza kuhitaji msaada wa pekee.

Wanajumuiya wasio na watoto wadogo wanaweza kukusanya vizibo na maboksi. Jumuiya moja ikiketi Jumamosi jioni na mikasi, inaweza kumaliza mbao za familia zake zote. Vijana wa VIWAWA waandike namba, kwa kuwa mwandiko wao unasomeka kuliko wetu.

Mtoto akishazoea, atauliza chini ya 100 kuna nini. Hapo mtengenezeeni ubao wa pili, 101 hadi 200, na auweke chini ya ule wa kwanza sakafuni. Asipewe maelezo mengi. Apewe kazi ya kutafuta mahali pa wale samaki 153 wa sura ya 21 ya Injili ya Yohane. Atawakuta safu ya sita, nafasi ya tatu, mahali pale pale ilipo 53 katika ubao wa kwanza.